Ikilala Kushoto

Kwenye njia iliyonyooka haisemi.
Kutoka Mtongani hadi Tandika sokoni
imetulia kama mtoto aliyeshiba,
hata sitini, hata sabini,
hata abiria akipakata ndoo mbili za dagaa.
Lakini Devis Kona, nikiilaza kushoto,
inaanza:
ti-ti-ti-ti chini ya makalio,
inapanda mgongoni, inashuka kwenye viwiko,
vioo vinacheza, abiria wangu mmoja anakuwa watatu.
Nikiinyanyua tu, kimya.
Utadhani nimeisingizia.

Nilianza na upepo. Kila mtu huanza na upepo.
Nikaongeza, nikapunguza,
nikanunua tairi jipya kwa pesa ya hesabu,
tajiri akaninunia siku nne.
Fundi wa Buza akakaza spoki mojamoja,
akizigonga kwa spana na kutega sikio,
akasema tayari. Haikuwa tayari.
Wa Yombo akabadili beringi za mbele
na akaniomba ya soda.
Kijiweni, Mshindo alisema ni barabara.
Chikawe alisema ni mimi:
"Unaogopa kona. Mikono yako ndiyo inayotetemeka."
Usiku ule nililala nikiitazama mikono yangu.

Stumai hakuuliza pikipiki ina nini.
Aliuliza: kushoto tu, au na kulia?
Kushoto.
Ukiwa na mtu, au peke yako?
Zaidi nikiwa na mtu.
Ukivuta mafuta, au ukiachia?
Sikujua.
"Nenda ukajue," akasema,
akarudia kabureta ya mtu mwingine.

Nikaenda nikajue. Nilizunguka mara sita,
muuza mabati akauliza nimedondosha nini.
Nikiachia, inatetemeka.
Nikivuta, inapungua,
kama mgonjwa aliyeshikwa mkono.

Akaipandisha kwenye stendi kubwa,
akashika tairi la nyuma, juu na chini, akatikisa.
Hakuna kitu.
Akaachana na tairi, akashika swingamu yenyewe,
akaisukuma kwangu, akaivuta kwake.
Kt.
Sauti ndogo, ya ulimi wa mtu asiyekubali.
"Umesikia?"
Nimesikia.
"Tairi linasingiziwa. Huyu anaumwa kiuno."

Akagonga bolti ndefu mpaka ikatoka,
ina kutu ya rangi ya pilipili ya unga.
Bushi ya kushoto imelika upande mmoja,
mpira umebaki mwezi mwandamo.
Na pembeni yake, kimekunjwa mara mbili,
kipande cha kopo la maziwa,
bado kina jicho moja la ng'ombe.
Mtu alijaza pengo.
Mtu alikata bati kwa mkasi,
akazungushia ukingo wake meno madogomadogo
lipate kukaa, lisihame.

Stumai alikishika muda mrefu kuliko kilivyostahili.
Juu ya kichwa chake ilining'inia taa ya kazi,
na kivuli cha taa ni kopo,
na ukingo wa kopo umekatwa meno madogomadogo.
"Kuna fundi alikuwa mdogo," akasema,
"na mteja hakuwa na hela ya bushi."
Akakitia kipande mfukoni.
Nililipa bushi mbili na grisi.
Ufundi hakudai,
nami niliyekuwa na la kuuliza
nikauliza kama ana kitambaa cha kufutia mikono.

Saa kumi na mbili jioni, Devis Kona.
Niliilaza kushoto kupita kawaida yangu,
pedeli ikakwaruza lami.
Kimya.
Kiti kimya. Kiooni, bajaji moja tu, na ni moja kweli.
Mikono ndiyo ilikuwa bado imekaza,
inamngoja yule mdaiwa wa kila siku
ambaye leo hakuja.
Nikageuza ili nipite tena, nihakikishe,
na kwa kuwa sasa palikuwa na nafasi ya kusikia,
nikaisikia breki ya nyuma, nyembamba, ya mbali:
inalia,
nikiilaza kulia tu.